Ugumba Humpata Yeyote, Tiba Humfikia Nani? Sababu Zinazofanya Safari ya Matibabu Isiwe Sawa kwa Wote

Mwezi Aprili 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa taarifa iliyoonesha kuwa takribani mtu mzima mmoja kati ya kila sita duniani hukumbwa na ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake. Katika nchi zenye kipato cha juu kiwango hicho kilikuwa asilimia 17.8, na katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kilikuwa asilimia 16.5. Tofauti hiyo ni ndogo mno, na inathibitisha kuwa ugumba haumchagui tajiri wala maskini, msomi wala asiyejua kusoma, wa mjini wala wa kijijini.

Hali inabadilika pale wenzi wanapoanza kutafuta msaada wa kitabibu. Hapo kipato, umbali wa makazi kutoka hospitali, kiwango cha elimu, jinsia na umri huanza kuamua nani atapimwa mapema, nani atachelewa, na nani hatafika kabisa. Makala haya yanaeleza maana ya ugumba, chanzo cha tofauti hizo katika upatikanaji wa matibabu, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuzichukua katika mfumo wa huduma uliopo nchini.

Ugumba ni nini

Kwa tafsiri ya WHO, ugumba ni hali ya mfumo wa uzazi, uwe wa mwanamume au wa mwanamke, inayobainika pale wenzi wanaposhindwa kupata ujauzito baada ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Wataalamu huugawa katika makundi mawili. Ugumba wa awali ni wa mtu ambaye hajawahi kupata ujauzito, na ugumba wa baadaye ni wa aliyewahi kupata ujauzito angalau mara moja, kisha akashindwa kuupata tena. Kwa hiyo mama mwenye mtoto mmoja, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akitafuta wa pili bila mafanikio, naye anastahili kuchunguzwa kama mgonjwa mwingine yeyote.

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno yanayohusu jambo hili huchanganywa, na mchanganyiko huo una madhara. Neno "tasa" huelekezwa zaidi kwa mwanamke, mara nyingi kwa kumnyooshea kidole. Neno "hanithi" humhusu mwanamume asiyeweza kufanya tendo la ndoa, na hali hiyo ni tofauti na ugumba. Mwanamume mwenye nguvu zake kamili anaweza kuwa na mbegu chache, mbegu zisizo na mwendo wa kutosha, au asiwe na mbegu kabisa, na asijue hadi siku atakapopimwa. Tafiti za kitabibu zinaonesha kuwa katika takribani nusu ya wenzi wanaoshindwa kupata mtoto, tatizo la upande wa mwanamume huchangia, ama peke yake au likiambatana na la mwanamke.

Maskini hubeba mzigo wa sababu zinazozuilika

Zipo sababu za ugumba ambazo hazitegemei hali ya maisha. Miongoni mwake ni mayai kutopevuka kutokana na mvurugiko wa homoni, uvimbe kwenye mji wa mimba, hitilafu za kimaumbile, na umri. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ugumba katika nchi za Afrika kusini mwa Jangwa la Sahara inatokana na maambukizi ambayo yangeweza kuzuiwa au kutibiwa mapema.

Utafiti ulioratibiwa na WHO katika nchi 25, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1985 katika jarida la kitabibu la Lancet, ulionesha kuwa wanawake wa Afrika waliofika hospitalini kwa ajili ya ugumba walikutwa na tatizo lililotokana na maambukizi kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wa maeneo mengine ya dunia. Maambukizi hayo huacha makovu katika mirija ya uzazi, mirija ikaziba, na yai likakosa njia ya kukutana na mbegu ya kiume.

Vyanzo vya maambukizi hayo vinafahamika. Cha kwanza ni magonjwa ya ngono, hususan kisonono na klamidia. Klamidia ina hatari ya pekee kwa sababu wanawake wengi walioambukizwa hawaoni dalili yoyote, hivyo ugonjwa huendelea kuharibu mirija kimyakimya. Cha pili ni uambukizo unaofuata kujifungua katika mazingira yasiyo safi, au utoaji mimba usio salama. Cha tatu, ambacho husahauliwa mara nyingi, ni kichocho cha mkojo. Mayai ya minyoo ya kichocho yanaweza kujikita katika via vya uzazi vya mwanamke na kusababisha vidonda, damu na makovu. WHO inakadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 barani Afrika wana aina hiyo ya kichocho. Wanaoathirika zaidi ni wale wanaochota maji, kufua, kuoga au kulima katika maji yenye konokono wanaobeba vimelea, yaani kaya zisizo na maji ya bomba wala kisima salama.

Kutokana na hali hiyo, kinga ni sehemu ya usawa. Kila mama anayejifungulia mikononi mwa mtaalamu, kila kijana anayetibiwa kisonono kikamilifu pamoja na mwenzi wake, na kila mwanafunzi anayemeza dawa ya kichocho shuleni, anapunguziwa uwezekano wa kuja kutafuta matibabu ya gharama kubwa baadaye. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 81 ya watoto nchini huzaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya, ikilinganishwa na asilimia 63 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Ongezeko hilo huelezwa zaidi kwa kuokoa maisha ya mama na mtoto, lakini pia linalinda uwezo wa mama huyo kuzaa tena.

Huduma nyingi za uzazi huanzia kwenye ujauzito

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha wa malipo kwa makundi maalumu katika vituo vya umma, wakiwemo wajawazito na watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Ni hatua iliyofungua mlango kwa mamilioni ya kina mama. Ni vyema hata hivyo kutambua kwamba mlango huo hufunguliwa na ujauzito wenyewe. Mwanamke anayehudhuria kliniki akiwa mjamzito ana kadi, ana ratiba ya mahudhurio, na ana mtoa huduma anayemfuatilia. Mwanamke anayeshindwa kupata ujauzito hana kadi ya aina hiyo, hana tarehe ya kurudi, na gharama za vipimo vyake huangukia mfukoni mwake au kwenye bima, kama anayo.

Hali hiyo haiko Tanzania pekee. Mpango wa Utekelezaji uliopitishwa na Mkutano wa Kimataifa wa Idadi ya Watu na Maendeleo mjini Cairo mwaka 1994 uliitaja kinga ya ugumba na matibabu yake stahiki miongoni mwa huduma za afya ya uzazi zinazopaswa kufikiwa kupitia afya ya msingi. Katika nchi nyingi, nguvu kubwa ilielekezwa kwenye uzazi wa mpango na uzazi salama, na ugumba ukabaki nyuma. Novemba 2025, WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kimataifa kuhusu kinga, uchunguzi na matibabu ya ugumba, wenye mapendekezo 40, na kuzitaka nchi ziingize huduma hizo katika mikakati yao ya afya na katika mifumo ya kugharamia huduma.

Umbali na kalenda ya mwili

Mfumo wa rufaa nchini huanzia zahanati, hupanda hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kama Bugando, KCMC na Mbeya, na kuishia hospitali za ngazi ya taifa. Katika zahanati, wenzi wanaweza kupata ushauri, kueleza historia yao na kutibiwa magonjwa ya ngono. Vipimo vya kina, kama uchunguzi wa homoni na picha ya eksirei ya mji wa mimba na mirija, hupatikana zaidi katika hospitali kubwa.

Kwa mgonjwa wa ugumba, umbali huo una uzito wa ziada kwa sababu vipimo vyake hufuata mzunguko wa hedhi. Picha ya mirija hupigwa baada ya hedhi kwisha na kabla ya yai kupevuka, yaani kati ya siku ya sita na ya 12 hivi, kwa kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi. Kipimo cha damu kinachoonesha kama yai limepevuka huchukuliwa siku saba hivi kabla ya hedhi inayofuata, ambayo ni karibu siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mbegu za kiume nazo hupimwa baada ya mwanamume kukaa siku mbili hadi saba bila kujamiiana, na sampuli inapaswa kufika maabara ndani ya saa moja hivi.

Mkazi wa mjini anayekosa siku yake ya kipimo hurudi mwezi ujao kwa nauli ya daladala. Mkulima anayetoka kijiji cha mbali, akasafiri usiku kucha kwa basi na kufika siku ya 15 ya mzunguko, huambiwa arudi mwezi ujao, na safari hiyo humgharimu nauli, malazi na siku za kazi. Mama anayeuza chakula au mboga, ambaye kipato chake ni cha siku kwa siku, hawezi kufunga biashara mara tatu kwa mwezi mmoja bila kutikisa riziki ya nyumba nzima. Hivyo ndivyo uchunguzi ambao ungekamilika ndani ya miezi miwili unavyogeuka kuwa wa miaka miwili.

Kuchelewa huko kuna madhara ya kitabibu. Uwezo wa mwanamke kupata ujauzito hupungua kadiri umri unavyosonga, na kasi ya kupungua huongezeka baada ya miaka 35. Ndiyo maana wataalamu hushauri mwanamke aliyevuka umri huo asisubiri miezi 12, bali aanze uchunguzi baada ya miezi sita. Aliyeanza safari ya tiba akiwa na miaka 32 na kufika kwa bingwa akiwa na miaka 38 huwa amepoteza miaka ambayo dawa haiwezi kuirudisha.

Mwanamke hutangulia, mwanamume hufuata mwisho

Jinsia ni chanzo kingine cha tofauti, hata ndani ya nyumba moja. Katika jamii nyingi, ndoa isipopata mtoto macho hugeukia kwa mke. Mama mkwe huuliza, mawifi husema pembeni, na majirani hukisia. Mke huanza kuhangaika peke yake: leo zahanati, kesho hospitali ya wilaya, keshokutwa kwa mganga. Anaweza kupitia vipimo vinavyoingilia mwili na hata upasuaji kabla mumewe hajatoa sampuli hata moja.

Kitaalamu, utaratibu huo ni wa kinyume. Kipimo cha mbegu za kiume ni miongoni mwa vipimo rahisi na vya gharama nafuu katika uchunguzi mzima wa ugumba. Hakihitaji sindano wala dawa ya usingizi, na majibu yake yanaweza kuelekeza hatua zote zinazofuata. Mwanamume anapokataa kupimwa, kaya hutumia fedha kuchunguza upande mmoja wakati jibu huenda liko upande wa pili. Baadhi ya wanaume hukataa kwa hofu ya kuonekana si rijali, na wengine huamini kuwa mwenye mtoto wa zamani hawezi kuwa na tatizo. Mbegu hubadilika kadiri miaka inavyopita, kutokana na magonjwa, umri, tumbaku, pombe kupita kiasi au joto na kemikali kazini, hivyo mtoto wa miaka kumi iliyopita si uthibitisho wa hali ya leo.

Athari kwa mwanamke haziishii hospitalini. WHO inautaja ugumba kuwa unahusishwa na msongo wa mawazo, unyanyapaa na ukatili wa wenzi. Mwanamke asiye na kipato chake mwenyewe ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hana nauli ya kwenda kupimwa na anaogopa kuachwa akidai mumewe apimwe.

Gharama zinazoyumbisha kaya

Julai 25, 1978, Louise Brown alizaliwa katika mji wa Oldham, Uingereza, akiwa mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na yai lililorutubishwa nje ya mwili. Mama yake alikuwa na mirija iliyoziba. Teknolojia hiyo kwa hiyo ilianza kwa kutatua tatizo lilelile linalowasumbua zaidi wanawake wa Afrika, lakini hao ndio inaowafikia kwa uchache zaidi. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza kwa njia hiyo mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Nchini Tanzania huduma hiyo ipo, ila vituo vinavyoitoa ni vichache na vimejikita katika miji mikubwa.

Kwa mujibu wa WHO, katika baadhi ya maeneo mzunguko mmoja tu wa urutubishaji nje ya mwili unaweza kugharimu mara mbili ya wastani wa kipato cha kaya kwa mwaka. Mzunguko mmoja pia hauna uhakika. Hata katika vituo bora duniani, mizunguko mingi huisha bila mtoto kuzaliwa, na wenzi hulazimika kuamua kama watarudia.

Uzoefu wa Afrika Kusini unatoa picha ya wazi. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wenzi waliotibiwa katika hospitali ya umma mjini Cape Town na kuchapishwa mwaka 2013, ulionesha kuwa takribani wenzi mmoja kati ya kila watano waliingia gharama zilizovuka asilimia 40 ya matumizi ya kaya ya mwaka yasiyo ya chakula. Katika theluthi ya kaya maskini zaidi, idadi hiyo ilifikia takribani nusu. Wenzi hao walikuwa wakipata huduma kwa bei iliyopunguzwa na Serikali, na bado wengi walilazimika kukopa, kutumia akiba au kubana matumizi ya lazima.

Ni muhimu kusisitiza kuwa wenzi wengi hawahitaji teknolojia hiyo. Dawa za kusaidia yai kupevuka, matibabu ya maambukizi, kurekebisha homoni, kupunguza uzito na, inapobidi, upasuaji, huwasaidia wengi kwa gharama ndogo zaidi. Anayefika mapema ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutibiwa kwa njia hizo.

Bima ni nguzo, lakini haisimami peke yake

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 kwa lengo la kumwezesha kila mkazi kupata huduma bila kikwazo cha fedha wakati wa kuugua. Kwa wenye tatizo la uzazi, swali la msingi ni kitita cha bima kinagharamia vipimo na dawa zipi, na katika ngazi gani ya hospitali. Mwanachama anashauriwa kuuliza hilo kwenye skimu yake kabla ya kuanza uchunguzi, na kupata rufaa ya maandishi kutoka ngazi ya chini, kwa kuwa kuruka ngazi kunaweza kumnyima haki ya kulipiwa.

Nchi nyingine zimejifunza kuwa bima peke yake haifuti tofauti zote. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliweka mwaka 1987 sheria inayozitaka kampuni za bima kugharamia matibabu ya ugumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulibaini kuwa wengi wa waliokuwa wakihudumiwa walikuwa Wazungu wenye elimu ya chuo na kipato kikubwa, huku Wamarekani Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini wakiwa wachache kuliko uwiano wao katika idadi ya watu. Nchini Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2013 unapendekeza mizunguko mitatu ya urutubishaji kwa mwanamke mwenye umri chini ya miaka 40 anayekidhi vigezo, lakini mamlaka za maeneo hutofautiana, na idadi anayoipata mgonjwa hutegemea mahali anapoishi.

Mifano hiyo inaonesha kuwa wigo wa bima unapopanuliwa, elimu kwa umma, vipimo katika hospitali za mikoa, wataalamu wa kutosha na lugha ya staha ya watoa huduma vinapaswa kwenda sambamba. Vinginevyo fursa mpya hutumiwa kwanza na wale wale waliokuwa na nafasi tangu awali.

Tiba asili na matangazo ya dawa

Kwa wananchi wengi, mganga wa tiba asili ndiye wa kwanza kufuatwa. Yuko karibu, hupokea malipo kidogo kidogo, huzungumza na familia kwa lugha wanayoielewa, na huwapa muda wa kueleza shida yao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatambua huduma hiyo na iliunda Baraza linalosajili watoa huduma na kusimamia maadili yao.

Wananchi wanapaswa kujihadhari na wasiosajiliwa, pamoja na matangazo ya mitandaoni yanayoahidi "kuzibua mirija" au kupata mapacha kwa siku chache. Hakuna dawa ya kunywa iliyothibitishwa kitaalamu kuwa inazibua mirija iliyozibwa na makovu. Baadhi ya dawa hizo zinaweza kudhuru ini na figo au kuvuruga homoni, na hasara nyingine kubwa ni muda unaopotea. Anayetumia dawa asilia anashauriwa kumweleza daktari bila kuficha, ili kuepuka dawa kugongana.

Kukosa mtoto hakuondoi haki za ndoa

Baadhi ya wanawake huacha kutafuta matibabu kwa hofu kwamba majibu yatawavunjia ndoa au kuwapotezea mali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaweka talaka chini ya mamlaka ya mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Kifungu cha 107 kinaorodhesha mambo ambayo mahakama inaweza kuyazingatia kama ushahidi kuwa ndoa imevunjika, yakiwemo uzinzi, ukatili na kutelekezwa. Ugumba haumo katika orodha hiyo.

Kuhusu mali, kifungu cha 114 kinaelekeza mahakama kuzingatia mchango wa kila upande. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani za mke kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Mke asiye na mtoto ana haki hiyo sawa na mke mwingine. Kwa wenzi wanaopenda kulea, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili mtoto kupitia mahakama, na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ndiye mahali pa kuanzia.

Hatua za kuchukua

Wananchi wenye tatizo la kupata mtoto wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, waende wote wawili kituo cha afya kilicho karibu baada ya miezi 12 ya kujaribu, au baada ya miezi sita ikiwa mwanamke amevuka umri wa miaka 35. Mwenye hedhi isiyo na mpangilio, maumivu makali ya nyonga, historia ya maambukizi au upasuaji wa via vya uzazi, hapaswi kusubiri muda huo.

Pili, mwanamume apimwe mwanzoni, sambamba na mwenzi wake.

Tatu, mwanamke aandike tarehe za hedhi kwa angalau miezi mitatu na aende nazo. Kumbukumbu hiyo haina gharama, na humsaidia daktari kupanga vipimo siku sahihi, jambo linaloweza kuokoa safari nzima.

Nne, waombe kupangiwa vipimo vingi iwezekanavyo katika safari moja, na watunze majibu yote ili yasirudiwe bila sababu wanapohamia hospitali nyingine.

Tano, kabla ya kulipia matibabu makubwa, waulize gharama yote hadi mwisho, uwezekano wa kufanikiwa kwa umri wao, na hatua itakayofuata iwapo hayatafanikiwa. Uamuzi wa kuuza shamba au kukopa ufanywe baada ya kupata majibu ya maswali hayo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa wengi wanaohangaika na ugumba, kinachowafanya wafiche ni lugha inayowasubiri nje: mzaha wa jirani, swali la mkwe, au karipio la mtoa huduma. Watumishi wa afya wana wajibu wa kitaaluma wa kutunza siri na kumpokea kwa staha kila anayefika. Familia nazo zinaweza kusaidia kwa jambo dogo lisilohitaji fedha, yaani kuacha kumuuliza mke peke yake "mtoto yuko wapi", na kumhimiza mume aambatane naye siku ya kwanza ya kwenda kituoni.